Vidonge vya ukeni vya usiku sita: nilivyovitumia ovyo, na nilivyovitumia sawasawa

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Nina mume na watoto wawili, na mashine mbili ninazozikalia kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Leo naandika kuhusu dawa ambayo wanawake wengi tunainunua kwa kunong'ona, tukishafika nyumbani tunaificha chini ya kanga: vidonge vya kuweka ukeni kutibu fangasi. Boksi langu limeandikwa CLOTRIMAZOLE, miligramu 100. Ndani kuna vidonge sita na kijiti cha plastiki cha kusukumia. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa zipo nyingi madukani na dawa iliyomo ni ileile. Safari hii nilinunua kwa shilingi 4,000.

Nimeitumia mara mbili, na katikati imepita miaka mitatu. Mara ya kwanza niliitumia ovyo mpaka nikajitia kwenye hofu ya wiki nzima na zaidi. Mara ya pili, mwezi uliopita, nilielekezwa na mtu anayejua kazi yake, na sasa nimepona. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni maelekezo, kwa hiyo nitazungumzia maelekezo zaidi kuliko kidonge chenyewe.

Nianze na ile mara ya kwanza. Niliingia duka la dawa lililokuwa njiani, kuna kijana na wateja wengine wawili. Nikamsogelea nikasema kwa sauti ya chini, "dawa ya muwasho, ya kule." Akaelewa. Akatoa boksi, akalifunga kwenye gazeti, akasema kimoja kwa siku, basi. Hakuniuliza swali hata moja, nami niliona hiyo ndiyo heshima, kwamba amenisitiri. Leo nasema hapana. Kumsitiri mtu ni kumsogeza pembeni umuulize, siyo kumwacha aondoke hajui.

Asubuhi yake nikaoga, nikapandisha mguu mmoja kwenye kigoda, nikasukuma kidonge kwa kidole, nikavaa nikaenda kushona. Kijiti sikukigusa, nilidhani ni cha hospitali. Kufika saa sita mchana nusu ya dawa ilikuwa kwenye nguo ya ndani, kama chaki iliyoloa. Nikasema dawa hii ni dhaifu. Kumbe kidonge kile kinahitaji muda na unyevunyevu wa mwilini ili kiyeyuke, na mtu aliyesimama au anayetembea kinamponyoka kabla hakijafanya kazi. Ndiyo sababu ni dawa ya kulala nayo.

Siku ya tatu muwasho ulikuwa umepungua, na jioni hiyo mume wangu akarudi. Yeye huenda Lushoto kufuata mboga, hukaa siku tatu au nne. Wakati ule nilikuwa nimeacha sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu ilinivuruga siku zangu, tukawa tunatumia kondomu. Dawa niliweka asubuhi, usiku tukakutana. Kondomu ikapasuka.

Siwezi kuapa kwamba ni dawa iliyoipasua. Kondomu hupasuka kwa sababu nyingi. Lakini baadaye nilikuja kujua kwamba karatasi ya dawa hii inaonya waziwazi: inaweza kudhoofisha kondomu za mpira wa kawaida, zile za lateksi, ambazo ndizo karibu zote tunazonunua. Mimi sikujua. Mtoto wa pili alikuwa na miezi kumi tu. Kesho yake asubuhi nikaenda kutafuta kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kile kinachopaswa kumezwa ndani ya saa 72 tangu tendo, na kadiri unavyowahi ndivyo kinavyosaidia zaidi. Nikameza, kisha nikaanza kuhesabu siku. Hedhi ilichelewa, na kuchelewa baada ya kidonge kile ni jambo la kawaida, ila hilo nalo sikulijua. Nilishona gauni la bibi harusi huku mikono inatetemeka. Ilipokuja nililia chooni.

Katika vurugu ile vidonge vitatu vilivyobaki nikavisahau kwenye droo. Muwasho si ulikuwa umekwisha? Haikupita hata miezi miwili, ukarudi. Nikamaliza kwa kumeza kidonge nilichoandikiwa kituo cha afya, nikajiambia vya ukeni sitavigusa tena.

Sasa ya mwezi uliopita. Niliumwa jino, likang'olewa, nikapewa antibayotiki, amoksisilini, za siku saba. Siku chache baada ya kuzimaliza, muwasho. Kisha uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, hauna harufu, na nikienda haja ndogo panachoma kwa nje. Nikaujua. Safari hii nikaenda duka jingine, lile ambalo shoga yangu muuza samaki alinisifia. Na huduma ya duka hili naihesabu kwenye maoni haya kama sehemu ya dawa.

Dada anayeuza alinitazama tu akasema, "Mama, karibu huku." Kuna pazia nyuma ya kabati na viti viwili vya plastiki. Hakuna mteja anayesikia. Akaanza kuuliza: una ujauzito? Hedhi unaitegemea lini? Uchafu una rangi gani, una harufu ya samaki? Tumbo la chini linauma? Una homa, una kidonda, umetoka damu isiyo ya siku zako? Umewahi kupata hii, na ni mara ngapi ndani ya miezi sita? Una kisukari?

Nikamuuliza mbona maswali kama polisi. Akaniambia jambo ambalo nataka kila dada alisikie: muwasho na uchafu siyo fangasi kila mara. Uchafu mwepesi wa kijivujivu wenye harufu ya samaki mara nyingi ni bakteria, na dawa yake ni nyingine, metronidazo. Ule wa njano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ambayo ni ya zinaa, na hapo mke na mume hutibiwa pamoja. Ukijaza vidonge vya fangasi kwenye ugonjwa ambao si wa fangasi, unapoteza hela na siku, na ugonjwa unaendelea kukaa. Akasema pia kwamba kama ningekuwa mjamzito, au naumwa tumbo la chini, au ndiyo mara yangu ya kwanza maishani, asingeniuzia kabla sijaonwa na daktari. Muuzaji anayekubali kupoteza mauzo yake namna hiyo, mimi namwamini.

Kuhusu amoksisilini akanieleza hivi: fangasi hawa tunaishi nao mwilini siku zote, na kuna bakteria wazuri ukeni wanaowazuia wasizidi. Antibayotiki ikija inaua na wale wazuri, fangasi wanapata nafasi. Ongeza joto la Tanga na mimi kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa kumi nikiwa na nguo ya ndani ya nailoni. Nilitoka pale nikapitia kununua za pamba tatu.

Kuhusu siku: hedhi nilikuwa naitegemea baada ya siku tisa. Akasema vizuri, utamaliza kabla. Kama zingekuwa zimebaki siku tatu au nne, angenishauri nisubiri imalizike, kwa sababu damu inaiosha dawa.

Halafu akachukua kijiti cha mfano, cha kwake, akanionyesha kwa vitendo.

Unanawa mikono kwa sabuni kwanza. Unakivuta kile kipini cha nyuma mpaka kigome. Kidonge unakitoa kwenye karatasi yake ya fedha wakati huohuo, siyo mapema, unakipachika kwenye mdomo wa kijiti. Unalala chali, umekunja magoti na kuyaachanisha. Unaingiza taratibu mpaka pale ambapo hakuna maumivu, husukumi kwa nguvu. Ukifika unasukuma kipini, kidonge kinabaki juu, kijiti unakitoa. Ukishaweka usiamke tena kwenda kuzunguka. Kwa hiyo vyombo vioshe kwanza, milango ifungwe kwanza, mtoto apelekwe chooni kwanza. Mimi niliweka kila siku saa nne usiku, nikiwa tayari nimezima taa ya sebuleni.

Kijiti kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kinakaushwa, kinangoja kesho. Hukichemshi, plastiki itapinda. Na humpi mtu, hata awe dada yako wa tumbo moja.

Mjamzito hatumii kijiti. Akishaandikiwa dawa na mtaalamu, anaingiza kwa kidole kilichonawishwa, kucha zimekatwa. Hili niliuliza kwa ajili ya wifi yangu, na naliandika kwa sababu tunakopeshana dawa sana mitaani.

Usiku wa kwanza palichoma. Si kidogo, kama nusu saa hivi, nikakaribia kuinuka nikaoge. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kuchoma kidogo mwanzoni hutokea kwa sababu ngozi ya ndani imeshachubuka, lakini kukizidi, au ukiona uvimbe, vipele mwilini au pumzi inabana, unaacha na kukimbilia hospitali. Kwangu kulitulia. Usiku wa pili kuchoma kulipungua, wa tatu sikusikia kitu. Muwasho ulianza kupungua siku ya pili, siku ya nne niliusahau mpaka nikajishangaa.

Asubuhi hutoka mabaki meupe. Ni ganda la kidonge, usiogope kwamba dawa imetoka yote. Unavaa pedi nyembamba. Zile za kuingiza ndani usitumie, zinafyonza dawa. Kuna vidonge vingine laini vya mafuta, vyenye umbo kama risasi. Shoga yangu alitumia hivyo na anasema vinavuja zaidi na kuchafua shuka, na joto letu likizidi vinalainika kwenye boksi kabla hujavitumia. Navyo mafuta yake ni adui wa kondomu. Vya kwangu ni vigumu, havikunipa shida hiyo. Niliviweka kwenye kabati mbali na dirisha, maana boksi linasema visizidi nyuzi 30, na hapa kwetu mwezi wa pili dirishani panazidi.

Na kuosha. Jamani, kuosha. Tumelelewa hapa pwani kwamba usafi ni kuingiza kidole na maji mpaka ndani, na wengine wanaongeza sabuni ya manukato, shabu, maji ya ndimu, kitunguu saumu kilichomenywa. Kungwi wangu alinifundisha mengi mazuri ambayo nayashika mpaka leo, lakini hili nimeliacha. Dada wa duka alisema ndani panajisafisha penyewe, nje panatosha maji matupu, na ukiosha ndani asubuhi umeitoa dawa uliyoiweka usiku. Ndimu kwenye ngozi iliyochubuka sitaki hata kuifikiria.

Sasa tendo la ndoa, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Jibu alilonipa ni fupi: mpaka umalize dawa na dalili ziishe, hakuna. Nikamuuliza hata kwa taratibu? Akasema hata kwa taratibu. Ngozi ya ndani imevimba na ina michubuko, tendo linaitonesha na kuirudisha nyuma. Dawa inatolewa nje kabla haijafanya kazi. Mume naye inaweza kumwasha, na fangasi wenyewe wanaweza kumpata. Na kama mnategemea kondomu ndiyo kinga yenu, basi hamna kinga, wala kwa mimba wala kwa magonjwa. Halafu akasema siku tano. Ukishaweka kidonge cha mwisho, hesabu siku tano nyingine kabla ya kuiamini kondomu tena, kwa sababu mabaki yanakuwa bado yapo. Nilikaa kimya kidogo. Nilikumbuka lile gauni la bibi harusi.

Wanaotumia sindano, kijiti cha mkononi au vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango, hivyo haviguswi na dawa hii. Ni lateksi ndiyo yenye tatizo. Lakini kupumzika kunabaki palepale kwa ajili ya kidonda na dawa.

Kumwambia mume ndiko kulikonipa kazi kuliko kijiti. Mwanamke akisema "nina fangasi, tupumzike", wapo wanaume wanaosikia "nina ugonjwa, na sijui nimeutoa wapi". Ndoa zimevunjika kwa neno hilo. Nilimngoja amalize kula, nikampa chai, nikamwambia: baba, zile dawa za jino zimenisababishia fangasi, nimepata tiba ya usiku sita, na tumeambiwa tukae mbali mpaka niseme. Akauliza, "Ni ya zinaa?" Nikamjibu nilivyojibiwa mimi: kwa kawaida haihesabiwi ya zinaa, hata msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanaume anaipata, na hata mtoto mchanga anaota ukungu mweupe mdomoni kwa fangasi wa aina hiyo. Hilo la mtoto ndilo lililomwingia, maana wetu wa kwanza aliwahi kupata na yeye ndiye aliyempeleka kliniki.

Akauliza tena, "Na mimi ninywe dawa?" Kama hana muwasho wala wekundu, hahitaji chochote. Akiwashwa au akiona wekundu kwenye kichwa cha uume, aende aonwe, atapewa krimu. Yeye hakuwa na kitu. Nikamweleza na ile kondomu ya miaka mitatu iliyopita, kwamba huenda dawa ilihusika. Tulikuwa tumelaumiana wakati ule, yeye akidhani nimenunua za bei rahisi, mimi nikidhani yeye ndiye hakuivaa vizuri. Akasema, "Pole, mke wangu, hatukujua." Usiku sita, siku tano, hedhi ikaingia katikati, tukasubiri wiki mbili na zaidi. Alilala chumbani humohumo, na sikusikia neno.

Ninachokilaumu. Karatasi ya ndani ya boksi langu haina hata mstari mmoja wa Kiswahili. Ina Kiingereza na Kifaransa, kwa herufi ndogo ambazo mimi ninayetunga uzi sindanoni kila siku nilizisoma kwa tochi ya simu. Onyo la kondomu lipo kwenye aya ndefu, katikati, halina hata wino mzito. Dawa hii inauzwa kwa wanawake wa Tanga, Handeni, Pangani, Kigoma. Nani kati yetu ataliona onyo hilo? Kwa wanaotengeneza na wanaoingiza nchini, ninaomba kwa dhati: andikeni mistari mitano tu ya Kiswahili juu ya boksi. Iwekwe usiku wa kulala. Imalizwe yote. Hakuna tendo. Kondomu haifai mpaka siku tano zipite. Mjamzito aonane na mhudumu. Michoro ya jinsi ya kuingiza ipo na ni mizuri, hiyo nawashukuru.

La pili dogo: kipini cha kijiti ni kigumu usiku wa kwanza, na mdomo wake una ukingo unaokwaruza kidogo. Kiloweshe kwa maji safi kabla ya kuingiza. Usipake mafuta ya nazi wala ya mgando.

Kwa uponyaji nawapa nyota tano, kwa karatasi nyota mbili. Duka la yule dada nalipa tano na pazia lake.

Shoga yangu muuza samaki yeye ilimrudia mara ya tatu ndani ya miezi sita. Akataka nimpe vidonge, nikakataa, nikampeleka kwa dada yuleyule. Hakumuuzia. Alimwandikia kwenye kikaratasi aende hospitali apimwe sukari na achukuliwe kipimo cha uchafu wenyewe, kwa kuwa fangasi wanaorudirudi huwa wana sababu nyuma yao. Jumatatu ninafunga cherehani mapema, ninamsindikiza.